Nimeonja, Nimeshiba

Jina la Shehena alipewa na madereva wa malori, na yule aliyemwita hivyo mara ya kwanza alirushiwa mwiko. Wa pili alirushiwa kijiko tu. Wa tatu alipothubutu, mwenyewe akacheka, akalichukua jina, na tangu hapo ukimwita jina la kuzaliwa hakuitika. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya karakana ya malori, mwanamke mnene kwelikweli, akisimama mlangoni mwa jiko hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Na mdomo anao! Dereva akilalamika kwamba nyama ni ngumu, Shehena alimshauri aende akatafune matairi aliyoyazoea.

Chakula chake kilikuwa kitamu, hilo halina ubishi, na hakikuwa kitamu kwa bahati. Shehena alikuwa anaonja. Alionja kila sufuria na kila hatua: maharage yakianza kulainika, mchuzi kabla ya chumvi, mchuzi baada ya chumvi, na mchuzi tena kwa sababu kuna mtu alipita karibu nao, naye Shehena akamtilia shaka. Akimaliza kupika, sahani yake yeye mwenyewe ilikuwa ndogo kuliko ya mtu yeyote pale, na aliapa mbele ya watu kwamba hajui unene wake unatoka wapi. "Mimi sili," alikuwa akisema. "Muulizeni mtu yeyote. Naonja tu." Wala hakuwa anadanganya. Katika jiko lile kuonja hakukuhesabiwa kuwa ni kula. Kuonja ilikuwa kazi, na kula ni pale unapokaa kitini na sahani mbele yako.

Lakini magoti hayakuijua tofauti hiyo. Yalianza kuuma, sukari nayo ikapanda, pumzi ikawa inamwishia akitoka stoo kufika jikoni. Halafu siku moja miguu ikamlegea mbele ya jiko, sufuria ya maji moto mkononi, na kama si maji kumwagikia upande wa pili, habari yake ingekuwa nyingine. Daktari hakumung'unya maneno: uzito ule ukibaki, jiko ataliaga. Kuliaga jiko! Ungemwambia Shehena ataaga dunia angekusikiliza kwa utulivu zaidi. Hapo hapo akakata shauri, akaomba upasuaji wa kupunguza tumbo. Siku ya kuaga kazini alifungua dirisha la kugawia chakula akawatangazia wote waliopanga foleni.

"Naenda kukatwa tumbo," alisema. "Mwenye maneno ayaseme sasa. Nikirudi sitaki kusikia la mtu."

Maneno yalikuwepo, yatakosaje? Dereva mmoja akasema hiyo ni njia ya mkato ya watu wavivu wasioweza kujizuia.

"Wewe ukipata pancha," Shehena akamuuliza, "huwa unalisukuma lori hadi mjini uonekane shujaa, au unaita fundi?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na yule dereva akala chakula chake amegeukia ukuta.

Upasuaji ulikwenda salama. Kazi ilikuja baadaye, na kazi yenyewe ilikuwa ya kula. Muuguzi wa lishe, mwanamama mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyocheka, alimweleza, akarudia tena. Kwanza ni vya maji maji tu: maji yenyewe, supu iliyochujwa, halafu maziwa na uji mwepesi uliopitishwa kwenye chujio, kwa kunywa mafunda madogo madogo, bila mrija na bila soda. Baadaye vilivyopondwa hadi havina bonge. Baada ya hapo vilivyo laini, na mwisho kabisa, wiki nyingi mbele, chakula cha kawaida, kwa kutafuna hadi kiwe kama uji mdomoni. Mayai, samaki, maharage na maziwa vitangulie, wali na viazi vifuate kama nafasi imebaki. Maji asinywe pamoja na chakula. Na akishiba, aache, hata kama kimebaki kijiko kimoja. "Mshono bado mbichi, mama," muuguzi alisema. "Ukiulazimisha, unaweza kuachia. Ukiachia, ni hatari ya maisha."

Shehena alielewa. Aliyekuwa haelewi ni dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Shehena akiwa bado ananyonya kidole, na baba alikuwa mtu wa safari, mwisho akasafiri moja kwa moja, asirudi. Dada, naye bado msichana mwenyewe, akawa mama, akawa baba. Sasa alikuwa mjane, anashona mapazia nyumbani kwake, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Aliposikia mdogo wake ametoka hospitali, alifunga cherehani akaja na sufuria kichwani.

"Wamesema anywe supu?" aliuliza mlangoni, hata salamu bado. "Supu hii hapa."

Shehena akafunua sufuria. Mifupa imejaa, minofu inachungulia, mafuta yanaelea juu.

"Dada, hii ni nyama."

"Ni supu."

"Supu ya kuchujwa, Dada. Maji yake matupu."

Dada akamtazama kwa huruma. "Mdogo wangu, supu isiyo na nyama ni maji ya kuoshea sufuria. Nani amekufundisha kunywa hayo?"

Ikawa vita, nakwambia. Shehena akichuja, Dada anarudisha. Shehena akiomba uji mwepesi, Dada anakoroga mzito hadi kijiko kinasimama chenyewe. Siku nyingine aliisaga nyama laini laini akaificha chini ya bakuli, akidhani mpishi wa miaka yote ile hataona! Shehena aliona bakuli kabla halijafika mezani, akalirudisha jikoni mwenyewe, mkono mmoja umeshika tumbo. Akamwambia Dada kwamba akitaka kumuua atumie sumu, ni haraka zaidi.

Dada akamgeukia mume wa Shehena, fundi bomba, mtu mpole anayeongea akiwa na sababu.

"Shemeji, unakaa unamtazama tu mwenzio akifa njaa?"

"Shemeji," alisema fundi bomba, "wamembadilishia bomba. Lilikuwa la inchi nne, sasa ni la nusu inchi. Ukimimina maji kwa ndoo, yatakurudia mwenyewe usoni."

"Mdogo wangu si choo!"

Fundi bomba akarudi kwenye gazeti lake.

Vilivyopondwa vilipofika, likazuka jambo jipya. Shehena alikula yai lililopondwa na maziwa, akafika kijiko cha tatu, pua ikaanza kuchuruzika. Hana mafua, hana kikohozi, pua tu inamwaga. Dada akapiga makofi. "Si unaona? Njaa imeshaleta mafua! Ongeza, mwili upate nguvu." Ikabidi fundi bomba ampigie simu muuguzi wa lishe, na muuguzi akasema hayo si mafua. Watu wengi wa upasuaji ule wakishiba hupata kwikwi, wengine hupiga chafya, wengine pua huchuruzika. Ndiyo kengele ya tumbo jipya, na ikilia, kijiko kinawekwa chini. Shehena alicheka hadi mshono ukamvuta. Yeye aliyekuwa akijua ameshiba kwa kufungua kifungo cha sketi, sasa anajua kwa kutafuta leso. Dada hakucheka. Alisema hajawahi kusikia ujinga kama huo tangu azaliwe.

Huko karakana nako mambo yalikuwa yameharibika. Funguo za jiko aliachiwa msaidizi wake, mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kweli na aliyewalisha wenzake nyingi zaidi, ndiyo maana alipewa jina la Chumvi. Madereva walikunywa maji hadi matumbo yakawajaa, mwisho wakaanza kula nje. Msimamizi wa karakana, mtu wa kutazama saa hata akiwa hana anakokwenda, alimpigia Shehena simu.

"Unarudi au hurudi? Kama hurudi, natafuta mpishi mwingine, nimpe jiko moja kwa moja."

Daktari alikuwa ameshamruhusu kazi nyepesi, asiinue kitu kizito. Shehena akafunga aproni, kamba zikabaki ndefu kuliko zamani, akarudi. Waliomsubiri aje amejikunja walishangaa. Aliingia kifua mbele, akamwamuru Chumvi ainue masufuria, akakamata mwiko. Kabla jua halijafika utosini jiko lilikuwa linanukia kama zamani, na dirishani watu walianza kuchungulia.

Sasa sikiliza kosa alilofanya, na usimcheke, maana kwake halikuwa kosa. Alionja. Mkono ulikwenda wenyewe. Ncha ya kijiko ya mchuzi. Punje chache za maharage aone kama yameiva. Kipande cha nyama, kidogo tu, ajue kama kimelainika, na cha pili kwa sababu cha kwanza hakikumpa jibu. Wali wa juu, wali wa chini. Mlo wake wa mchana, yai na maziwa ndani ya kikopo, aliuacha kwenye mkoba hajaugusa, na moyoni alijisifu kwa hilo.

Kugawa kulikuwa hakujaisha alipohisi kama mtu amemkalia kifuani. Mate yakamjaa mdomoni, jasho likamtoka, pua nayo, ambayo alidhani inasumbuliwa na moshi, ilikuwa imeanza kuchuruzika zamani. Alifika nyuma ya stoo akatapika hadi akashika ukuta. Chumvi alimpeleka hospitali kwa lori la karakana, fundi bomba akawakuta huko huko, na muuguzi wa lishe akaja na macho yake yale yale.

"Umekula nini, mama?"

"Sijala kitu."

"Mama."

"Haki ya nani, sijala! Chakula changu kiko kwenye mkoba, fungua uone."

"Kweli hajala," Chumvi akamtetea kwa moyo wote. "Mimi ni shahidi. Alionja tu."

"Alionja nini?"

Chumvi akataja, moja baada ya jingine, bila kuacha hata wali wa chini, na kwa fahari kidogo, maana jiko ni lake pia. Muuguzi alingoja amalize.

"Huo ni mlo wa dereva," alisema. "Mama, tumbo halijui neno kuonja. Kilichopita kooni kimeliwa."

Shehena akautazama mkoba wake. Maisha yake yote alikuwa na maneno mawili pale ambapo tumbo lilikuwa na moja. Walimpima, wakampiga picha, mshono ulikuwa umenusurika. Muuguzi alisema umenusurika safari hii. Akamrudisha kwenye vya maji maji kwa siku kadhaa, aanze upya kama mtoto. Msimamizi naye hakuchelewa kupiga simu: mpishi asiyeonja si mpishi, Jumatatu ama aje apike kama mpishi, ama arudishe aproni.

Siku zile Shehena alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Alikatwa tumbo ili abaki jikoni, na sasa tumbo hilo hilo linamtoa jikoni. Hakulia. Alifua aproni mara mbili, akaipiga pasi, akaitundika pale ambapo kila aingiaye ataiona. "Hii hairudi kwa mtu," alimwambia mumewe, na fundi bomba akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi alasiri alikuwa amerudi kwenye vilivyopondwa. Dada alileta bakuli la viazi na samaki, amevisaga vizuri safari hii, ila bakuli lenyewe lilikuwa la kumlisha mtu wa shamba. Shehena alikula vijiko viwili, akasogeza bakuli.

"Asante, Dada. Kitamu. Nimeonja, nimeshiba."

Dada alilipiga bakuli mezani hadi viazi vikaruka.

"Usiniambie hivyo! Usithubutu kuniambia hivyo katika nyumba hii!"

"Nimesema nini?"

"Umeonja, umeshiba. Maneno hayo ni yangu! Yangu mimi! Mimi ndiye niliyeyatunga, wewe unanirudishia!" Dada alimnyooshea kidole. "Ulipokuwa mdogo, ukiniuliza, Dada mbona huli, nilikuwa nakujibu nini?"

Shehena alikumbuka. Sahani ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Dada alikuwa akisimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani, akisema ameshaonja jikoni, ameshashiba, mtoto amalize. Kila siku. Na mtoto alimaliza, kwa sababu mpishi huonja, na anayeonja hushiba. Ndivyo alivyojua dunia. Ndiyo kazi aliyokuja kuifanya ukubwani, kwa imani hiyo hiyo.

"Ulikuwa unaonja nini, Dada?" aliuliza taratibu.

"Maji ya kuoshea sufuria," alisema Dada. "Nayajua ladha yake kuliko wewe na muuguzi wako. Kwa hiyo mtu akiniambia ameonja ameshiba, mimi najua huyo ana njaa ya kumkunja mgongo. Najua, mdogo wangu. Usinidanganye mimi."

Fundi bomba, aliyekuwa amesimama kizingitini, alirudi alikotoka bila kutoa sauti. Uchungu ulimpanda Shehena, na mapenzi, na hasira pia: kwamba mtu abebe jambo kama hilo miaka yote na kuligeuza supu. Akauchukua mkono wa Dada akauweka tumboni pake, juu kidogo, penye makovu.

"Wewe ulikuwa unadanganya," alisema. "Mimi sidanganyi. Nimeshiba, Dada. Wewe ndiye uliyenishibisha, toka zamani. Sasa niache."

Pua ikaanza kuchuruzika. Dada akaitazama, macho yake mwenyewe yakiwa yamejaa.

"Hiyo ni kulia au ni shibe?"

"Vyote viwili. Nipe leso."

Dada akampa leso. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aje, akalichukua lile bakuli mwenyewe na kulifunika.

Jumatatu Shehena aliingia karakana na aproni iliyopigwa pasi, Dada yake nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Msimamizi alitazama saa, akamtazama mgeni.

"Huyu nani?"

"Huyu ni mdomo wangu."

"Tumeanza kuajiri midomo?"

"Hamjaajiri. Nimekuja nao kutoka nyumbani, kwa wiki hizi chache mpaka mshono ukomae," Shehena alisema. "Ulitaka jiko lionjwe, litaonjwa. Hukusema na nani. Chakula kikiwa kibaya, aproni hii utaichukua leo leo. Kikiwa kizuri, sitaki kusikia tena habari ya tumbo langu. Si kwako, si kwa dereva, si kwa mtu yeyote. Sasa tupishe, tunapika."

Msimamizi akapisha. Ungefanya nini?

Walipika. Shehena alinusa, alisikiliza mafuta, aliponda harage kwa vidole kujua kama limeiva, na kila alipofika pa kuonja aliunyoosha mwiko kando. Dada alikuwa na ulimi mkali kuliko walivyodhani. "Chumvi imezidi," alisema mara moja.

"Nimefanya nini tena?" Mzee Chumvi akauliza kutoka kwenye sinki.

"Si wewe!" wakamjibu wote wawili, na jiko zima likacheka, hata yeye.

Ila Shehena aliona kitu. Dada alionja kwa ncha ya ulimi, amesimama, mgongo umeegemea mlango, kitambaa begani. Kila akionja alirudisha mwiko haraka, kama aliyechukua cha mtu. Chakula kilipoiva, foleni ilishafika hadi kwenye malori, msimamizi akiwa wa kwanza, kijiko mkononi.

Shehena hakufungua dirisha. Alichukua sahani kubwa, akapakua wali, akapakua maharage, akapakua nyama, minofu mitupu, akaongeza mchuzi. Akavuta kiti, akaiweka sahani mezani katikati ya jiko.

"Kaa, Dada."

"Mimi?" Dada akarudi nyuma hatua moja. "Wape watu wako kwanza. Mimi nimeshaonja, nime..."

Walitazamana. Dada akakitoa kitambaa begani, akakaa, akashika kijiko. Alianza polepole, halafu si polepole.

Msimamizi akagonga dirisha. "Shehena! Watu wana njaa huku!"

Shehena alifungua dirisha kiasi cha uso wake tu kuonekana. Kikopo chake cha yai na maziwa kilikuwa mkononi, vijiko viwili vimeshaliwa, kifuniko kimesharudishwa.

"Subirini," alisema. "Dada yangu anakula."

Akalifunga.